Kijiji kikifutwa, zahanati inabaki ya nani? Historia ya kudai huduma Ngorongoro

Agosti 18, 2024, maelfu ya wakazi wa tarafa ya Ngorongoro walijaa kwenye barabara inayopita Oloirobi kuelekea Serengeti. Magari ya watalii yalisimama kwa saa nyingi. Siku iliyofuata watu wakarudi, na iliyofuata wakarudi tena. Hakukuwa na mapigano. Kulikuwa na mabango, na watu waliokaa chini wakisubiri kiongozi wa kitaifa aje awasikilize.

Wengi waliosikia habari hiyo wakiwa mbali walisema, "Ni ule ule mgogoro wa ardhi wa Wamasai." Ardhi ilikuwamo, hatukatai. Lakini kilichowatoa watu bomani siku zile kilikuwa karatasi. Tangazo la Serikali Namba 673 la Agosti 2, 2024 lilikuwa limefuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika tarafa ya Ngorongoro. Kabla ya hapo, watu waliokwenda kuhakiki majina yao ya kupiga kura walikuta vituo vyao vimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Mtu yuko Endulen au Nainokanoka, ng'ombe wake wako pale pale, watoto wanasoma pale pale, lakini kwenye orodha anapigia kura mkoa mwingine.

Kwa nini karatasi iwakere watu kuliko hata bunduki? Tunadhani jibu liko kwenye historia ndefu ya jinsi huduma za jamii zinavyofika kwetu, na jinsi zilivyotumika kila mara ardhi ilipotakiwa. Katika makala haya tunaifuata historia hiyo, kuanzia kabla ya uhuru.

Maji kwa Serengeti

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, Wamasai wakiwa ndani yake na mifugo yao. Wakoloni wa Kiingereza walihangaika miaka kadhaa wakitafuta namna ya kuwatoa. Mwaka 1958 wazee 12 wakatia saini makubaliano ya kuondoka upande wa magharibi na kuhamia nyanda za Ngorongoro na Loliondo. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyounda Hifadhi ya Ngorongoro, mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja.

Makubaliano hayo yalikuwa na malipo, na malipo yenyewe yalikuwa huduma. Serikali iliahidi kuwajengea wafugaji vyanzo vya maji kule walikokwenda, kwa sababu bila maji nyanda zile zisingebeba mifugo yote iliyotolewa Serengeti. Baadhi vilijengwa. Vingi havikutunzwa, vikaharibika. Wazee wetu wanaposema "tuliahidiwa maji" wanazungumzia ahadi hii.

Tuliweke hili akilini: mwaka 1958 ardhi ilibadilishwa na huduma. Ardhi ilikwenda moja kwa moja. Huduma ilitegemea bajeti ya kila mwaka na nia ya aliyekuwa ofisini.

Wenzetu wa jirani, Wameru, walikuwa wamekwishaonja machungu kama hayo. Novemba 1951 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuhutubia Umoja wa Mataifa kwa niaba yao. Ardhi haikurudi wakati huo, ila kesi hiyo iliwafundisha watu wa Tanganyika kwamba kuna masikio hata nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya.

Taifa lililoahidi mambo matatu

Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu ambao kila mwanafunzi aliwakariri: ujinga, maradhi na umaskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likasukuma mbele zaidi. Shule ya msingi ikawa bure mwaka 1973. Mwaka 1974 chama kiliamua Musoma kwamba kila mtoto asome, na kufikia 1977 elimu ya msingi kwa wote ikawa sera ya nchi nzima. Matibabu nayo yakawa bila malipo katika vituo vya serikali. Wataalamu wanaiita nchi ya namna hii dola ya ustawi, maana yake serikali inabeba mzigo wa elimu, afya na uzee wa raia wake, tajiri au maskini. Tanzania ilijaribu kuwa hivyo bila kuwa na fedha za nchi hizo. Ni jambo la kujivunia, hata kama lilichechemea.

Kwetu Wasso huduma za afya zilianzia kanisani. Hospitali ya Wasso ilijengwa katika miaka ya 1960 kwa juhudi za Herbert Watschinger, padre aliyekuwa pia daktari, kutoka Austria. Huyo huyo ndiye aliyeanzisha hospitali ya Endulen baadaye.

Kisha vikaja vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliwakusanya watu nchi nzima. Umasaini zoezi hilo liliitwa Operesheni Imparnati, yaani makazi ya kudumu. Sheria ya mwaka 1975 ikakifanya kijiji kuwa chombo rasmi chenye namba, serikali yake na mkutano mkuu wake. Tangu hapo, mwalimu hupangwa kwenye shule ya kijiji fulani. Dawa hupelekwa kwenye zahanati ya kijiji fulani. Bajeti ya kisima huandikwa kwa jina la kijiji fulani. Kijiji kikawa bomba ambalo huduma zote hupitia.

Miaka hiyo hiyo mkono mwingine wa serikali ulikuwa unachukua. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta zilitolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ukame au ndigana, na haruhusiwi kulima hata robo eka ya mahindi, chakula chake kitatoka wapi? Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa mwaka 1992 na Waziri Mkuu John Malecela, baada ya njaa kuwa aibu, kisha ikarudishwa mwaka 2009.

Mbona hatusikii sana maandamano ya miaka ya ujamaa? Yalikuwepo, ila nafasi ilikuwa finyu. Kabla ya uhuru wafanyakazi walikuwa na nguvu: mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kufuata reli hadi bara. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA chini ya serikali. Wanawake wakawekwa ndani ya UWT. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Serikali iliyokuwa ikitoa shule na dawa ilijiona kama mzazi. Na mzazi, kama tunavyojua, hapendi kuulizwa na watoto.

Ulaya nako walidai

Watu wengi hudhani nchi za Ulaya zilipata huduma nzuri kwa sababu ni tajiri. Utajiri ulisaidia, lakini hautoshi kueleza.

Ujerumani mwaka 1878 Kansela Bismarck alipiga marufuku shughuli za wajamaa. Alipoona marufuku haitoshi, mwaka 1883 akaanzisha bima ya afya kwa wafanyakazi. Alitaka kuwanyang'anya wapinzani wake hoja. Bima ile, iliyotolewa kwa hila, bado ipo hadi leo.

Mji wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1915 wenye nyumba walipandisha kodi wakati wanaume wako vitani na viwandani. Wanawake, akiwemo Mary Barbour, wakagoma kulipa. Afisa alipokuja kutoa familia nje, mmoja alipiga kengele au ngoma na majirani wakajaa mlangoni. Kufikia Novemba kaya zipatazo 20,000 zilikuwa zimegoma, na Desemba Bunge likapitisha sheria ya kuzuia kodi kupanda. Uingereza ilipofungua huduma ya afya kwa wote Julai 5, 1948, ilikuwa imetanguliwa na miaka mingi ya madai ya aina hiyo.

Ila kuna tofauti moja na sisi. Yule mama wa Glasgow aligombania nyumba, na hakuna aliyemwambia kwamba akitaka daktari ahamie mji mwingine. Kwetu ndivyo mambo yalivyokuja kuwa.

Parkipuny na kizazi chake

Mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990 alikuwa Moringe ole Parkipuny, mzaliwa wa Naiyobi. (Vijana wengine humchanganya na Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki 1984. Ni watu wawili.) Agosti 1989 Parkipuny alisimama Geneva, mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akaeleza hali ya wafugaji na Wahadzabe. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzungumza pale. Aliporudi, yeye na wenzake waliunda shirika la KIPOC, neno la Kimaa lenye maana ya "tutapona" au "tutajikomboa".

Hapo ndipo harakati za wafugaji zilipopata sura mpya: mashirika yenye katiba, ofisi na wafadhili. PINGOs Forum ilifuata mwaka 1994. Shirika la wanawake wafugaji, PWC, likaanza mwaka 1997 na limesomesha wasichana wengi wa wilaya yetu. Wakati huo serikali ilikuwa inajiondoa kwenye ahadi za zamani. Wananchi walianza kuchangia matibabu mwaka 1993, na ada za shule zilikuwa zimerudi. Mashirika yakaziba pengo. Kwa hiyo mtu yule yule aliyedai ardhi ndiye aliyetafuta ada ya binti wa jirani. Kwa maoni yetu hii ndiyo nguvu kubwa ya harakati za hapa kwetu, na hutajwa mara chache.

Vijiji navyo vilijifunza kujitegemea. Ololosokwan ilitumia mapato ya utalii kwenye ardhi yake kujenga madarasa na kulipia wanafunzi. Ndani ya hifadhi, Baraza la Wafugaji lilipokea mgao kutoka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, NCAA, na mgao huo ukalipia karo, vyumba vya madarasa na mahindi ya bei nafuu. Lilikuwa na kasoro zake, manung'uniko juu ya nani anapewa hayakuisha. Hata hivyo lilikuwa kama dola ndogo ya ustawi, iliyolishwa na viingilio vya watalii waliokuja kutazama kreta. Mgao ulipokuja kukatika, wanafunzi waliokuwa vyuoni ndio walioumia kwanza.

Kina mama na kadi za chama

Upande wa Loliondo mgogoro ulishika kasi baada ya mwaka 1992, kitalu cha uwindaji kilipopewa kampuni kutoka Falme za Kiarabu. Julai 2009 maboma yalichomwa. Aprili 2010 kina mama waliamua kurudisha kadi za CCM. Tufikirie uzito wa tendo hilo. Kwa mama wa kijijini kadi ya chama ilikuwa uhusiano wake na serikali yenyewe, ile iliyoleta shule na chanjo. Kuirudisha ni kusema: uhusiano umekatika.

Machi 2013 Waziri Khamis Kagasheki alitangaza kwamba kilomita za mraba 1,500 zitatengwa. Watu wakakusanyika tena, kina mama wakiwa mbele, kadi zikatajwa tena. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja Loliondo na kusema wananchi waendelee na maisha yao. Mwaka 2017 maboma yakachomwa tena, na vijiji vinne, Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, vikafungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki hapo Arusha. Septemba 2018 mahakama ilizuia serikali kuwaondoa watu wakati kesi ikiendelea. Septemba 2022 ilitupilia mbali kesi, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamuru isikilizwe upya.

Juni 2022

Wasikilizaji wetu wa Loliondo hawahitaji kuelezwa mengi kuhusu Juni 2022. Vigingi viliwekwa kutenga kilomita za mraba 1,502, eneo ambalo leo ni Pori la Akiba Pololeti. Juni 10 askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Wananchi wengi walijeruhiwa, wengine kwa risasi, na kuna waliovuka mpaka kutibiwa Kenya. Watu zaidi ya 20 walishtakiwa kwa mauaji, na Novemba mwaka huo mashtaka yakafutwa.

Mwezi huo huo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilihamia Msomera. Serikali ilisema, na bado inasema, kwamba kuhama ni kwa hiari. Hoja yake isikike kwa haki: mwaka 1959 hifadhi ilikuwa na watu wapatao 8,000, leo ni zaidi ya 100,000, na ardhi haikuongezeka. Serikali inasema pia kwamba ndani ya hifadhi sheria hairuhusu kujenga hovyo, hivyo njia bora ya kuwapa watu shule, maji na umeme ni kuwapeleka panapojengeka. Kule kila familia iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja na shamba. Wapo waliohama kwa moyo mmoja, na wapo wanaosema maisha yao ni mazuri.

Shida ni yaliyofanyika upande wa wale waliobaki. Barua za Machi 2022 ziliagiza fedha za UVIKO-19, zilizopangiwa shule za tarafa ya Ngorongoro, zihamishiwe Handeni. Ndege za huduma ya afya zilizokuwa zikileta chanjo na kliniki ya wajawazito vijijini tangu miaka ya 1980 zilisimamishwa mwaka 2022. Vibali vya kukarabati choo cha shule au paa la zahanati vikawa vigumu kupatikana. Mama mjamzito wa Kakesio hakuwa amefukuzwa na mtu. Ila kila alichokihitaji kilikuwa kimeanza kusogea upande wa Tanga. Je, hiari ya namna hiyo ni hiari kweli? Sisi tunaona vigumu kuiita hivyo.

Sasa turudi barabarani Oloirobi. Tangazo la Agosti 2024 liligusa kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki: bomba lenyewe. Pasipo kijiji hakuna mwenyekiti wa kugonga muhuri kwenye barua ya mwanafunzi. Hakuna mkutano mkuu wa kupinga wala kukubali. Hakuna diwani, kwa hiyo hakuna mtu wa kuuliza kwenye baraza la halmashauri dawa zimekwenda wapi. Na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umepangwa Novemba 27. Watu walielewa haya bila kuelezwa na mwanasheria.

Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Kesho yake Waziri William Lukuvi alifika kwa waandamanaji na salamu za Rais: huduma zirejeshwe, uchaguzi ufanyike. Vijiji vikarudi kwenye orodha. Desemba 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa kimila na wawakilishi wa Wamasai Arusha, akaahidi tume mbili: moja ya kuchunguza masuala ya ardhi ya Ngorongoro, nyingine ya kuangalia zoezi la kuhama kwa hiari. Zilizinduliwa Februari 2025.

Unachoweza kukifuatilia kijijini kwako

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Pale una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Omba pia kuona cheti cha kuandikishwa kwa kijiji, ujue namba yake na kinatunzwa na nani.

Kwa upande wa shule, sera ya elimu bila malipo inataja ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Fedha hiyo hufuata idadi ya watoto walioandikishwa, kwa hiyo mtoto asiye kwenye rejesta anaipunguzia shule. Kwa upande wa afya, sera inawasamehe malipo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mzee asiye na kitambulisho cha msamaha aanzie kwa mtendaji wa kijiji.

Na kama kikundi chenu kinataka kuandamana, Katiba inalinda uhuru wa kutoa maoni katika ibara ya 18 na wa kukusanyika kwa amani katika ibara ya 20. Sheria inataka mtoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo lenu saa 48 kabla, mkitaja mahali, muda na lengo. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.